Matokeo Kabla ya Somo: Uhakiki wa Lugha ya Mitaala katika Vyuo Vikuu

Utangulizi

Idara yoyote ya chuo kikuu nchini Kenya inayotaka kuanzisha kozi mpya au kuihuisha ya zamani hulazimika kuandika, juu ya muhtasari wa kila kozi, orodha fupi inayoanza kwa maneno yale yale: kufikia mwisho wa kozi hii, mwanafunzi aweze. Hapo hufuata vitenzi vinne au vitano: kutaja, kueleza, kubainisha, kuchambua, kuhakiki. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iunde Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Tume hiyo itoe viwango vyake, hakuna mtaala unaoidhinishwa pasipo orodha ya namna hii. Sentensi hiyo imezoeleka mno, hata ni wachache waisomao kama sentensi. Huangaliwa kama muhuri uangaliwavyo: likishaonekana lipo, msomaji huendelea na mengine.

Makala haya yanakusudia kuisoma sentensi hiyo kama wanaisimu na wahakiki wasomavyo sentensi nyingine yoyote. Yatachunguza asili yake, sarufi yake, istilahi zinazoizunguka, na jinsi inavyolitendea andiko moja mashuhuri la ushairi wa Kiswahili. Haikusudiwi hapa kubeza nadharia nzima ya elimu inayojengwa juu ya matokeo, kwani nadharia hiyo ina hoja zake zenye uzito. Linalodaiwa ni kwamba idara za lugha na fasihi zimeipokea lugha ya nadharia hii bila kuihakiki, ilhali uhakiki wa lugha ndiyo kazi yao.

Asili ya nadharia

Wazo la kuanza na mwisho lina historia ndefu. Mwaka 1949, Ralph Tyler wa Marekani aliwataka watunga mitaala wajiulize maswali manne: shule inatafuta malengo gani, ni tajriba gani zitakazoyafikisha, tajriba hizo zipangwe vipi, na itajulikanaje kwamba malengo yamefikiwa. Mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake walitoa ngazi sita za utambuzi: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi na tathmini. Mwaka 1962, Robert Mager alizidi kuibana kamba. Kwake yeye, lengo lisilotaja tendo linaloonekana, mazingira ya tendo hilo na kiwango cha kulipima halikuwa lengo. Mager alikuwa akiandikia masomo ya kujifundisha kwa hatua ndogo ndogo, mbinu iliyotokana na saikolojia ya B. F. Skinner. William Spady ndiye aliyelipa wazo hilo jina lake la sasa na kulitetea kwa bidii katika miongo ya 1980 na 1990: yaamuliwe kwanza yale ambayo kila mwanafunzi hana budi kuyaweza, kisha yote mengine yapangwe kutoka hapo kurudi nyuma.

Kutoka Marekani wazo hili lilienea kupitia njia kadhaa. Vyombo vya kusimamia uhandisi vilivyotia sahihi Mkataba wa Washington wa 1989 vilikuja kulifanya kigezo cha kutambuliana shahada. Nchi za Ulaya zililiingiza katika mwafaka wa Bologna wa 1999. Katika Afrika Mashariki, Baraza la Vyuo Vikuu la kanda hii lililitia katika mfumo wa sifa za elimu ya juu wa 2015, ili shahada ya Kampala isomeke Nairobi na ya Nairobi isomeke Dar es Salaam. Katika shule za Kenya lilikuja na mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio 2017 na kuenea kuanzia 2019. Kundi la kwanza la mtaala huo, lililofanya mtihani wa gredi ya 6 mwaka 2022, linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Kwa hivyo, suala hili litazidi kuwagusa wahadhiri.

Afrika ya Kusini imekwisha kuipitia njia hii. Baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, serikali mpya ilitaka mtaala usiofanana kwa lolote na ule wa kale, na mwaka 1997 ikatangaza Mtaala wa 2005, uliojengwa juu ya matokeo. Shabaha ilikuwa njema, kwani mtoto aliyenyimwa elimu angepimwa kwa anachokiweza, si kwa shule alikotoka. Hata hivyo, mtaala ulikuja na matokeo maalumu 66 na rundo la istilahi ambazo walimu wengi hawakuwahi kuzisikia. Mwaka 1998, Jonathan Jansen aliandika kwamba mpango huo ungeshindwa, na miongoni mwa hoja zake ya kwanza kabisa ilihusu lugha: kwamba lugha ya mtaala ilikuwa tata, yenye kuchanganya, na mara nyingine ikijipinga yenyewe. Tume ya mwaka 2000 ilipendekeza mtaala urahisishwe, na mwaka 2010 serikali ikatangaza kuuacha mfumo huo. Walioumia zaidi ni wanafunzi wa shule maskini, ambao ndio waliokusudiwa kusaidiwa, kwa sababu mwalimu asiye na vitabu alipewa orodha ya mambo ambayo mwanafunzi aweze, pasipo kuambiwa ni kitu gani hasa akifundishe.

Sarufi ya sentensi

Irejelewe sasa ile sentensi yenyewe. Katika Kiingereza huandikwa aghalabu kwa wakati ujao: mwanafunzi atakuwa na uwezo wa kufanya jambo fulani. Hiyo ni ahadi, na ahadi yaweza kudaiwa. Watafsiri wa Kiswahili hawakuifuata njeo hiyo. Waliandika aweze, yaani kitenzi katika dhamira tegemezi, ambayo katika Kiswahili hubeba amri ya adabu, kusudio, matumaini na dua. Husemwa mgonjwa apone, safari iwe njema, mtoto akue. Hakuna anayemshtaki aliyeomba dua mgonjwa asipopona. Yaelekea, basi, kwamba lugha yenyewe iliielewa hali ya elimu kuliko waraka uliotafsiriwa: kilichoandikwa kama ahadi kilipofika katika Kiswahili kiligeuka matarajio. Tatizo ni kwamba wakaguzi huendelea kukidai kama ahadi.

La pili ni neno matokeo. Shabaha, lengo, azma na kusudi ni maneno yanayotazama mbele. Matokeo, kwa umbo lake, hutazama nyuma: ni yale yaliyokwisha tokea. Mkenya wa kawaida akilisikia neno hili katika habari za elimu huwaza siku ambayo wizara hutangaza alama za mitihani ya kitaifa. Ndiyo maana mihtasari hulazimika kuliongezea kivumishi, ikasema matokeo yanayotarajiwa, na bado neno linavuta upande wake. Polepole mhadhiri huanza kuiona kozi kana kwamba imekwisha tokea, na yeye amebakiwa tu na kazi ya kuthibitisha.

La tatu ni washiriki wa sentensi. Mtenda ni mwanafunzi. Mwalimu hayumo. Katika Kiswahili, kufundisha ni kitenzi cha kutendesha, na mtendeshaji hana budi kuwapo, ingawa amefichika. Kujifunza ni kitenzi cha kujirejea, na humfanya mwanafunzi kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja: anaitenda elimu na elimu inamtenda. Katika sentensi ya matokeo mahusiano hayo yote yamefutwa. Amebaki mtu mmoja mwenye uwezo. Hakuna aliyemfikisha hapo, wala hakuna kilichombadilisha.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni shamirisho. Kwa kawaida huandikwa: mwanafunzi aweze kuchambua fani na maudhui katika shairi. Shairi lipi? Sentensi haisemi, na miongozo mingi huona hilo kuwa sifa, kwa kuwa uwezo wadhaniwa kuhamishika kutoka andiko moja hadi jingine. Hapa kitenzi chenyewe kinapinga. Kuchambua ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya wahakiki. Unguja na Pemba huchambuliwa karafuu, na mchambuaji hutenganisha karafuu na makonyo yake. Pamba huchambuliwa kwa kutolewa mbegu, na mboga kwa kutolewa majani mabovu. Mkono unaozijua karafuu hauijui pamba kwa sababu hiyo tu. Kila kitu huchambuliwa kwa namna yake, na namna hiyo hujulikana kwa kukaa na kitu chenyewe muda mrefu. Uchambuzi usio na kitu maalumu ni jina tu la kazi.

Vitenzi vilivyofukuzwa

Miongozo ya kuandika matokeo huwa na orodha ya vitenzi vinavyoruhusiwa na orodha ya vile vinavyokatazwa. Miongoni mwa vinavyokatazwa ni kuelewa, kufahamu, kujua na kuthamini, kwa hoja kwamba hakuna awezaye kumwona mtu akielewa. Hoja hii ina kigugumizi chake. Ngazi za Bloom ziliporekebishwa mwaka 2001 na Lorin Anderson na David Krathwohl, nomino za kale zilibadilishwa kuwa vitenzi, na ngazi ya pili ikaitwa kuelewa. Kwa hiyo kitenzi kile kile kina kiti katika nadharia na hakina ruhusa katika mtaala. Fauka ya hayo, Krathwohl, Bloom na Bertram Masia walikwisha toa mwaka 1964 kitabu kizima kuhusu hisia na maadili, ambamo kuthamini ni ngazi kamili. Kitabu hicho hakitajwi sana katika mihtasari, kwa sababu yaliyomo hayahesabiki kwa urahisi.

Kwa wanaisimu, jambo hili halikupasa kuwa geni. Mwaka 1959, Noam Chomsky alihakiki kitabu cha Skinner kuhusu lugha na kuonyesha kwamba tabia inayoonekana haitoshi kueleza anachokijua mzungumzaji. Mwaka 1965 akatenganisha kile ambacho mzungumzaji anakijua kuhusu lugha yake na kile anachokitenda anapoitumia. Wanaisimu wa Kiswahili wameyafundisha hayo kwa miaka mingi kwa istilahi mbili: umilisi na utendaji. Umilisi ni ujuzi uliojificha, usioonekana kwa macho, ambao utendaji huudokeza tu, tena mara nyingi kwa makosa na mapengo.

Itazamwe sasa istilahi iliyochaguliwa kuutaja mtaala mpya wa Kenya. Unaitwa mtaala wa umilisi. Jina limetoka upande mmoja wa tofauti ile na vipimo vimetoka upande wa pili. Kinachopimwa ni utendaji: mwanafunzi ametaja, ametambua, ameandika, ametekeleza. Mhadhiri wa isimu anayefundisha saa tatu kwamba umilisi hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na utendaji, kisha jioni akatia sahihi jedwali linalodai kwamba umilisi ni jumla ya matendo yaliyoonekana, amejipinga mwenyewe kati ya asubuhi na jioni. Haifai kumlaumu mno, kwani jedwali lina tarehe ya mwisho. Hata hivyo ni yeye aliyepaswa kuiona tofauti hiyo kwanza.

Mfano wa Al-Inkishafi

Ili hoja isibaki hewani, uchukuliwe utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kila ubeti una mishororo minne yenye mizani kumi. Mishororo mitatu ya mwanzo hushiriki kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachofunga beti zote tangu mwanzo hadi mwisho. Lahaja ni ya kaskazini, na hati ya asili ni ya Kiarabu. Mshairi anausemesha moyo wake, akiuonya juu ya ulimwengu usiodumu, na kama ushahidi anaukumbusha utajiri wa Pate na magofu yake. Majumba yaliyojaa taa na wageni yamekuwa makao ya popo, na zidaka za ukutani zilizopangwa sahani za thamani zimekuwa viota vya ndege.

Mwanafunzi aweze nini baada ya kuusoma utenzi huu? Aweze kutaja idadi ya mishororo: jambo hili lapimika kwa dakika moja. Aweze kubainisha vina na mizani: lapimika pia. Aweze kueleza maudhui: ataandika kwamba maudhui ni dunia haidumu na mauti hayaepukiki, na atapata alama zake. Yote haya ni kweli, na yote haya yaweza kusemwa na mtu ambaye hakuusoma utenzi ila muhtasari wake. Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo utenzi wenyewe unayadai kwa msomaji. Wadai asimame katika nyumba iliyokuwa na watu na aone zidaka tupu. Wadai ajiulize kwa nini mshairi hakuwaonya majirani bali moyo wake mwenyewe. Wadai ausikie mshororo wa nne ukirudi kila mara na kina kile kile, mpaka urudiaji huo uanze kufanana na hukumu. Wadai avumilie lahaja asiyoizoea hadi impe maana. Hakuna hata moja la mambo haya linalokosa ushahidi. Ushahidi wake huonekana katika namna mwanafunzi asomavyo ubeti kwa sauti, katika swali analoliuliza wiki ya tisa, na pengine katika insha atakayoiandika miaka mitano baadaye. Haupo katika kisanduku cha jedwali.

Hatari yenyewe ni ya kila siku. Kwa kuwa matokeo hayakutaja andiko, Al-Inkishafi waweza kuondolewa na kuwekwa shairi jingine lolote lililo fupi, la lahaja sanifu, linalopatikana kwa urahisi, na matokeo yakabaki vile vile. Katika karatasi hakuna kilichopotea. Idara ikiwa na mhadhiri mmoja tu anayeweza kusoma Kiswahili katika hati ya Kiarabu, naye akastaafu, hakuna mstari wowote wa mtaala utakaosema kwamba pengo limetokea. Ndivyo ushairi wa kale uwezavyo kutoweka katika shahada ya Kiswahili bila ya mtu yeyote kuamua kuuondoa.

Utamaduni wa pwani ulikuwa na njia nyingine ya kutaja mwisho wa elimu. Neno kuhitimu, lililotoka katika Kiarabu, lilihusishwa tangu kale na kuumaliza msahafu. Aliyehitimu alikuwa amefika mwisho wa kitabu kinachojulikana kwa jina, mbele ya mwalimu anayejulikana kwa jina. Vivyo hivyo, ijaza ilitolewa na shehe fulani kwa ajili ya kitabu fulani. Haidaiwi kwamba mfumo huo haukuwa na kasoro, maana mtoto aliweza kuhitimu pasipo kujua maana ya aliyoyasoma. Lakini neno hili, ambalo vyuo vikuu vinalitumia hadi leo kila mwaka wa mahafali, lilibeba mambo mawili yaliyokosekana katika sentensi ya matokeo: mwalimu na andiko.

Upande wa pili wa hoja

Haki inataka utetezi wa nadharia hii nao usikilizwe. Kabla ya matokeo kudaiwa, wako wahadhiri waliosoma darasani madaftari yaliyokwisha pata rangi ya manjano, na mwanafunzi hakujua atatahiniwa katika lipi hadi siku ya mtihani. Asiyekuwa na kaka au dada aliyemtangulia chuoni hakuwa na wa kumdokezea. Kwa mwanafunzi huyo, orodha ya wazi ni haki yake. Aidha, yako matawi ya taaluma ya lugha ambayo matokeo hayayaumizi hata kidogo. Mwanafunzi wa fonetiki aweze kunukuu matamshi kwa alama za kimataifa. Mwanafunzi wa mofolojia aweze kutenga viambishi vya kitenzi. Mkalimani aweze kufasiri hotuba ya dakika tano. Katika uhandisi na uuguzi, umma una kila sababu ya kudai kujua mhitimu anaweza nini.

Wahakiki wa nadharia hii hawakuyakana hayo. Elliot Eisner alipendekeza, katika miaka ya 1960, kwamba pamoja na malengo ya kufunzwa yawepo malengo ya aina nyingine, yanayotaja hali ambayo mwanafunzi atakutana nayo pasipo kutabiri atakachokipata ndani yake. Lawrence Stenhouse wa Uingereza alikwenda mbali zaidi mwaka 1975. Alikubali kwamba malengo yanafaa katika kufunza stadi na kutoa habari, lakini akashikilia kwamba elimu, kwa maana ya kumwingiza mtu katika maarifa, hufaulu kwa kadiri inavyoyafanya matokeo ya mwanafunzi yasitabirike. Mhadhiri yeyote aliyewahi kupokea insha iliyomfanya alisome upya shairi alilolifundisha kwa miaka kumi anaijua kweli hii. Insha hiyo haikuwa miongoni mwa matokeo yaliyotarajiwa, na ndiyo iliyokuwa matokeo bora ya mwaka huo.

Hitimisho

Sentensi ya matokeo itaendelea kuandikwa, maana sheria inaidai na mawasiliano ya vyuo vya kanda yanaitegemea. Yaliyo katika uwezo wa idara za lugha na fasihi ni haya. Kwanza, katika kozi za fasihi, matokeo yataje maandiko kwa majina yake, ili kuondolewa kwa andiko kuonekane kuwa ni mabadiliko ya mtaala na kujadiliwe katika kikao. Pili, vitenzi kuelewa na kuthamini virudishwe, na idara ieleze ni ushahidi gani itakaoukubali: usomaji wa sauti, mtihani wa mdomo, insha ndefu isiyo na swali, daftari la msomaji la muhula mzima. Tatu, kila kozi ya fasihi ibakize sehemu isiyoandikiwa matokeo, na sehemu hiyo itajwe hivyo waziwazi mbele ya wakaguzi. Nne, mihtasari ya Kiswahili itungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, wala isitafsiriwe dakika ya mwisho, kwa kuwa imeonekana kwamba lugha hii, ikiachwa iseme, hutofautisha dua na ahadi, umilisi na utendaji, karafuu na makonyo.

Idara zisipofanya hivyo, zitakuwa zimewafundisha wanafunzi wao kuhakiki kila andiko isipokuwa lile linaloamua watasoma nini.